Namna ya kuandika riwaya ya kumsaka tapeli wa kampuni

Waandishi wengi wa riwaya za upelelezi huanza na mpelelezi. Ikiwa kisa ni ulaghai wa kampuni, mimi huanza na wizi wenyewe. Humu hakuna maiti ya kumshtua msomaji ukurasa wa kwanza, zipo hesabu tu, na taharuki yote itatoka humo.

Hatua ya 1: Buni wizi unaoelezeka kwa sentensi moja

Msimulie mtu asiyejua uhasibu. Akikunja uso, tafuta wizi mwingine. WorldCom, kampuni ya simu ya Marekani, ilianguka mwaka 2002 kwa ujanja mwepesi: ada za kila siku za kutumia laini za kampuni nyingine za simu ziliandikwa vitabuni kama mali badala ya gharama, na hasara ikaonekana faida. Wirecard, kampuni ya malipo ya kielektroniki ya Ujerumani, mwaka 2020, ni rahisi zaidi: yuro bilioni 1.9 zilizodaiwa kuwekwa katika benki za Ufilipino hazikuwapo.

Hatua ya 2: Chora shimo linalokua

Tamaa peke yake humfanya tapeli awe kikaragosi. Mwanzishe na pengo dogo: robo ya mwaka imekwenda vibaya, wanahisa wanangoja faida, naye anaziba kwa ankara moja ya uongo huku akijiapiza atairekebisha. Robo inayofuata lazima azibe pengo jipya pamoja na lile la zamani. Andika jedwali lako la siri: kila sura, kiasi gani kimefichwa, nani anajua, nani ameanza kushuku. Msomaji hataliona, lakini bila hilo utajichanganya ifikapo katikati ya kitabu. (Nina shaka na mwandishi anayesema anaikumbuka hesabu yote kichwani.)

Hatua ya 3: Wapelelezi wafungwe mikono

Cynthia Cooper, mkuu wa ukaguzi wa ndani wa WorldCom, alichimba hesabu na timu yake kwa siri, hata usiku. Mkuu wa fedha, ambaye idara yao ilikuwa chini yake, alimtaka aahirishe ukaguzi. Hapo ndipo penye riwaya: mshukiwa ni bosi wako, na ukipishana naye kwenye lifti anakuuliza kazi inaendeleaje.

Hatua ya 4: Kila karatasi imfikishe mpelelezi kwa mtu

Ankara iongoze kwa karani aliyeisaini, karani kwa kampuni hewa, kampuni hewa kwa shemeji wa mkurugenzi. Dalili nzuri ni malipo mengi yaliyo chini kidogo tu ya kiwango kinachohitaji idhini ya bodi. Kanuni ya Benford nayo inafaa: katika takwimu nyingi halisi, karibu asilimia 30 ya namba huanza na tarakimu 1, na chini ya asilimia 5 huanza na 9. Hesabu zikikiuka mpangilio huo, zitumie kuamsha shaka, kamwe zisiwe ushahidi wa mahakamani.

Hatua ya 5: Chelewesha pingu

Kukimbizana kwa magari kunaweza kungoja. Mandhari kali zaidi ni chumba cha mahojiano. Barua ya benki inayosema akaunti anayodai tapeli haijawahi kuwapo ibaki ndani ya jalada. Mpelelezi aulize salio ni kiasi gani, kisha amwache tapeli ataje kiasi chote, hadi senti ya mwisho.