Somo: Kuucheza upya Republic Commando kwa kukiongoza kikosi

Mchezo wa Star Wars: Republic Commando, ambamo unakiongoza kikosi cha makomando katika vita vya angani vya filamu za Star Wars, ulitolewa na kampuni ya LucasArts mwaka 2005 kwa ajili ya kompyuta na Xbox. Sisi tuliokulia Ngamiani hapa Tanga, tukiucheza kwa zamu mbele ya kompyuta moja, tuliuona kuwa ni mchezo wa kulenga shabaha tu, ilhali raha yake kubwa imo katika kutoa amri. Somo hili ni kwa anayetaka kuurudia na kuifaidi raha hiyo.

Hatua ya kwanza ni kununua nakala halali, ambayo kwa kompyuta inapatikana kwenye maduka ya mtandaoni ya Steam na GOG. Wenye PlayStation 4 au Nintendo Switch wanayo nakala iliyotolewa na kampuni ya Aspyr mwaka 2021.

Hatua ya pili ni mipangilio ya picha. Picha zikikwamakwama ilhali kompyuta ni mpya, shusha kipengele cha Bump Mapping (kinachofanya nyuso za vitu zionekane na mikunjo na mabonde) hadi kiwango cha chini kabla ya kugusa kingine chochote.

Hatua ya tatu ndiyo somo lenyewe. Wewe ni Boss, namba 38, kiongozi wa kikosi, na chini yako wapo askari watatu: Fixer, Scorch na Sev. Ukielekeza macho kwenye mlango, kompyuta ya adui au mahali pazuri pa kudungulia, alama huonekana hapo. Kwenye kompyuta bonyeza F, na askari mmoja ataishika kazi hiyo. Kabla hujafyatua risasi hata moja, kitazame chumba chote, mweke mdunguaji juu na mwenye silaha ya kuvunjia vifaru pembeni, kisha wewe ubaki katikati ukiangalia nani anazidiwa. Ndani ya Prosecutor, meli ya angani utakayoingia katikati ya mchezo, zile mashine zinazomwaga roboti hazikomi mpaka zilipuliwe, kwa hiyo mtume mmoja akatege bomu huku wengine wakimkinga. Ukifanya hivyo utapata hata nafasi ya kufurahia mambo madogo, kama ule mwanga wa buluu unaopita kwenye kioo cha kofia yako na kufuta damu iliyorukia.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Chumbageni: Kaka, yale maroboti makubwa yananimaliza risasi. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, warushie kwanza bomu la umeme, kwa sababu linawaduwaza, kisha kiamuru kikosi kizima kimshambulie mmoja mmoja. Kugawanya risasi kwa maroboti matatu ni kuzipoteza.

Mwanachama wa Muheza: Nikianguka, ndiyo basi?

Jibu: Hapana. Maadamu mwenzako mmoja yuko hai, unaweza kumwita aje akuinue. Ndiyo maana ni vizuri kuwapeleka wenzako kwenye kituo cha bacta (dawa ya kurudisha afya) mapema, kabla afya zao hazijashuka sana. Na kwa umeme wetu huu unaokatika bila taarifa, hifadhi mchezo kabla ya kila pambano kubwa.

Mwanachama wa Pangani: Je, upo mwendelezo unaoeleza yaliyompata Sev?

Jibu: Mchezo wa kuendeleza kisa hicho haukutolewa. Kikosi kinampoteza Sev huko kwenye sayari ya Kashyyyk, na amri ya kuondoka bila yeye inatoka juu. Ukifika hapo usiyaruke mazungumzo ya redio; sikiliza jinsi Boss, kwa sauti ya mwigizaji Temuera Morrison wa New Zealand, anavyotaka kurudi kumtafuta.