Pesa Inavujia Wapi? Kusaka Ada za Mtandaoni Ulizozisahau

Kazi yangu ni kupanga bajeti za familia hapa Nairobi, na wateja huja na kilio kilekile: kodi imelipwa, karo imelipwa, mbona hesabu haifungi? Kaeni jioni moja, wewe na mwenzio, kila mtu na simu yake, msake ada za mtandaoni zinazojikata zenyewe.

1. Chukua taarifa ya M-PESA ya mwaka mzima, kwenye programu yake au kwa *334#. Miezi mitatu haitoshi, kwa kuwa ada nyingine hukatwa mara moja tu kwa mwaka. Kama kadi ya benki hununua vitu mtandaoni, omba na taarifa yake.

2. Saka jina la anayelipwa, usisake kiasi. Hapa ndipo wengi hupotea. Makato ya huduma inayotozwa kwa dola hubadilika kila mwezi: leo 648, mwezi ujao 655, na jicho linapita tu. Jina likijirudia, tazama tarehe. Tarehe 14, 14, tena 14? Umemnasa. Ukikuta GOOGLE au APPLE.COM/BILL usidhani ni huduma moja. Huo ni mlango tu, na nyuma yake huenda wamejificha watatu.

3. Fungua huo mlango. Kwenye Android ingia Play Store, gusa picha yako juu kulia, kisha sehemu ya malipo na usajili. Kwenye iPhone fungua mipangilio, gusa jina lako, utaona usajili wote. Kagua kila akaunti ya barua pepe iliyomo, hata ile ya zamani. Na ujue kufuta programu hakusitishi malipo. Mimi mwenyewe niliifuta programu ya mazoezi, nikaendelea kuilipa miezi 14. Kitambi kilibaki palepale, kilichokonda ni mfuko.

4. Geukia salio la simu. Umeweka shilingi 50, hujapiga wala kuwasha data, jioni zimebaki 45: kuna jumbe za kulipia. Kwa laini ya Safaricom piga *456*20# uone ulichojiunga nacho. Muziki wa Skiza, ule anaousikia anayekupigia, uko *811#. Shilingi tano kwa siku ni 1,825 kwa mwaka. Shika na simu ya mama nyumbani, maana wazee hubonyeza "ndiyo" kwa heshima tu.

5. Kata leo, usingoje mwisho wa mwezi. Huduma nyingi huendelea kufanya kazi hadi siku ulizolipia ziishe. Piga picha ya skrini ya uthibitisho, kisha weka kikumbusho siku moja baada ya tarehe ya makato. Wakikata tena, picha hiyo ndiyo utakayoipeleka kwa huduma kwa wateja au benki.

Huduma ya katuni usiiguse kabla hujawauliza watoto.