Skripti yako inaharibu mafaili? Anzia hapa kabla uiguse tena

Kama uko na skripti inabadilisha mafaili ya maandishi hapo hapo kwa `sed -i` (sed ni programu ya kutafuta na kubadilisha maandishi), na sai faili iko tupu ama imebadilika penye hukutaka, tafadhali wacha kwanza kuiendesha tena. Kila ukirudia inapita juu ya uharibifu wa mara ya mwisho, na kujua asili ilikuwa aje inazidi kuwa ngumu. Kopi folda yote kando, `cp -r invoisi invoisi_jaribio`, alafu fanyia kazi kwa hiyo kopi.

Sasa toa `-i`. Bila hiyo sed inamwaga matokeo kwa skrini tu na faili haiguswi. Ukiwa kwa bash andika `diff a.txt <(sed 's/14/16/g' a.txt)` na utaona laini zenye zingebadilika, na mara mingi hapo ndo unapata shida iko kwa patani yenyewe, yaani kile umeambia sed itafute. Chukua VAT: serikali ya Kenya iliishusha hadi 14% Aprili 2020 ikairudisha 16% Januari 2021, sasa mtu wa kutengeneza invoisi anaandika `s/14/16/g`, yaani kila 14 iwe 16, asilimia inabadilika vizuri kabisa, lakini na 1400 imekuwa 1600, na mteja wa 0714 amegeuka 0716, hiyo ni simu ya mtu mwingine mazee, na sed haijalalamika hata kidogo. Shika na maneno ya pembeni: `s/VAT 14%/VAT 16%/g`. Pia kumbuka nukta inashika herufi yoyote, `1.5` itachukua hadi 105, so weka `1\.5`.

Faili ikiwa tupu kabisa, tafuta kama kuna mahali umeandika `sed '...' bei.txt > bei.txt`. Sheli inafuta bei.txt kabla sed ianze kusoma, hakuna kitu imebaki ya kusoma. Peleka matokeo kwa faili ingine alafu `mv`. Ama umeweka `-n` (usitoe laini yoyote) na `-i` bila `p` (toa hii laini), hiyo pia inakuachia faili tupu.

Haibadilishi kitu na iko kimya? Kama hiyo CSV ilitoka Windows mimi ningeanza na miisho ya laini, juu mwishoni kuna `\r` yenye huoni kwa macho, so `s/,hajalipa$/,amelipa/` (`$` ni mwisho wa laini) haitashika hata kama neno liko hapo mbele yako. Andika `file orodha.csv`, ukiona CRLF ndo hiyo, kwa Linux `cat -A` itakuonyesha `^M$`. Safisha na `tr -d '\r' < orodha.csv > safi.csv`. Skripti yenyewe ikiandikwa Windows pia inaweza kukataa kuanza, mara mingi inasema `bad interpreter`.

Na wale mnageuza namba za simu ziwe za 254 ndio zikubali kwa Daraja ya M-Pesa (API ya Safaricom ya kuunganisha programu yako na M-Pesa), `s/^07/2547/` inaacha nje watu wote wa 01. Tumia `s/^0\([17]\)/254\1/`.

Skripti inafanya kwa Linux lakini kwa Mac inakataa: sed ya Mac inachukua neno linalofuata `-i` kama jina la bakapu. Andika `-i.bak`, imeshikana hivyo, inakubali pande zote na unabaki na bakapu. Usiandike `-ie`, utapata mafaili yanaisha na e kila mahali.

Ya mwisho inasumbua sana watu wa seva. `sed -i` haiandiki ndani ya faili yako, inatengeneza mpya alafu inaiweka mahali pa ile ya zamani. Ndo maana simlinki (faili inaelekeza tu kwa faili ingine) inageuka faili ya kawaida, kwa sed ya GNU ongeza `--follow-symlinks`, na faili moja ukiimaunti ndani ya Docker unapata `Device or resource busy`. Hapo tengeneza matokeo kwa `/tmp/mpya` alafu `cat /tmp/mpya > config.txt`, hiyo inaandika ndani ya faili ile ile na Docker haitakataa.