Namna ya kumsaidia mwanamke aliyetumikishwa kingono apate riziki nyingine

Usalama hutangulia mafunzo. Manusura huhitaji mahali pa kulala ambapo waliomtumikisha hawapajui, na mara nyingi namba mpya ya simu, kwa kuwa ile ya zamani ndiyo wanayoitumia kumtishia na kumdai deni walilombambikia. Kama ametendewa ukatili siku za karibuni, afikishwe upesi kwenye kituo cha afya, akiridhia mwenyewe: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba ndani ya siku 5.

Usimhoji. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, yaani makubaliano ya Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa watu, inatamka kwamba ridhaa ya mwathirika wa usafirishaji huo haizingatiwi pale nguvu, vitisho au ulaghai ulipotumika, basi swali la "si ulikubali mwenyewe?" halina nafasi, wala msaada usifungamanishwe na sharti la kutoa ushahidi mahakamani.

Penye kazi ndipo miradi mingi hukwama. Wanawake hugawiwa vyerehani bila mtu kuuliza kama wateja wa nguo wapo, au kama wao wenyewe wanapenda kushona. Anza na anachokijua na anachokitaka, kisha uwaulize wafanyabiashara na waajiri wa eneo hilo wanakosa nini. Kipindi cha hatari zaidi, kwa maoni yangu, ni miezi iliyo kati ya kuacha maisha ya awali na kupata kipato cha kwanza: mwenye nyumba anadai kodi, mtoto anaumwa, na aliyekuwa akimtumikisha anapiga simu kwa sauti ya upole akiahidi kulipa vyote. Posho ya kujikimu na mtu wa kumlelea mtoto wakati wa mafunzo humsaidia kuliko cheti chochote.

Msaidie kupata upya kitambulisho, ambacho aghalabu hunyang'anywa, ili afungue akaunti kwa jina lake. Mtaji utolewe kwa awamu, na usiharakie kumkopesha, kwani deni ndilo lililomfunga. Akirudi alikotoka, asifutwe kwenye orodha. Wengi huondoka zaidi ya mara moja kabla ya kuondoka moja kwa moja. Unapomtembelea baadaye, mpigie simu kwanza, na usiende na gari lenye nembo ya shirika, maana majirani watauliza.