Kidimbwi cha Vyura Uani: Mwongozo kwa Mkazi wa Kigoma na kwa Msafiri wa Tabora

Mvua ya kwanza kubwa ikinyesha Kigoma, kwa kawaida kati ya mwisho wa Oktoba na Novemba, vyura huanza kulia usiku huohuo. Hawakuhama popote. Kiangazi chote walikuwa wamejifukia ardhini, chini ya magogo na kwenye nyufa, wakingoja maji. Ndiyo maana mwongozo huu hauna hatua ya kwenda kukamata vyura mtoni na kuwaleta nyumbani. Kazi yako ni kuandaa maji yanayowafaa, kisha kukaa kimya usikilize. Kidimbwi changu kipo Ujiji na sijawahi kupeleka chura hata mmoja humo. Wote walikuja wenyewe.

Hatua ya 1: Ongea na watu kabla ya kushika jembe

Maji yaliyosimama karibu na nyumba ni jambo la mtaa mzima. Nilipoanza kupima eneo, mama mmoja jirani yangu aliniuliza, "Baba, hayo maji yako si yatatuletea malaria na nyoka?" Swali lake ni la haki kabisa, na wewe pia utaulizwa. Nilimwambia, "Mama, kila Jumamosi nitayapima mbele yako. Siku ukiona kiluwiluwi cha mbu, tunayamwaga wote." Hiyo ni ahadi, na hatua ya 4 inaeleza namna ya kuitimiza. Kama unajua hutaweza kukagua maji kila wiki, usichimbe. Ruka moja kwa moja hadi hatua ya 5, uwasikilize vyura wa bondeni.

Jambo la pili ni watoto. Kina cha nusu mita kinatosha kumzamisha mtoto mdogo. Zungushia uzio wa matete au mianzi wenye mlango unaofungwa, na chini uache nafasi ya sentimita 10 ili vyura wapite.

Hatua ya 2: Chimba Septemba au Oktoba

Chagua mahali panapopata jua la asubuhi na kivuli mchana, mbali na choo na mbali na mahali pa kufulia. Sabuni na dawa za kunyunyizia mazao ni adui mkubwa wa chura, kwa kuwa ngozi yake hunyonya kilichomo majini na hutumia ngozi hiyohiyo kusaidia kupumua. Kwa wenzetu wa Tabora wanaolima tumbaku nasisitiza: bomba la kupulizia dawa lisioshwe karibu na kidimbwi, na maji ya shambani yasielekee huko.

Ukubwa wa mita 3 kwa 2 unatosha sana. Sehemu yenye kina kirefu isizidi sentimita 50. Kinachowashinda wengi ni kingo. Hufanya ukuta wima, kisha chura mchanga, mjusi au hata kifaranga akitumbukia hawezi kutoka. Angalau upande mmoja ushuke taratibu: kwa kila sentimita 10 za kwenda chini, songa mbele sentimita 30. Upande huo ndio utakaokuwa na uhai mwingi kuliko mwingine wowote.

Hatua ya 3: Zuia maji yasivuje, kisha panda

Njia ya bei nafuu ni udongo wa kichuguu. Uponde, uloweshe, uufinyange hadi ushikane, kisha uukandike sakafuni na pembeni kwa unene wa sentimita 10 na kuushindilia kwa miguu. Njia nyingine ni nailoni nzito nyeusi, iliyotandikwa juu ya mchanga laini au magunia ili mawe yasiitoboe. Saruji inawezekana, lakini saruji mpya huachia chokaa majini. Jaza maji, kaa nayo wiki moja, mwaga, rudia mara kadhaa kabla ya kuwakaribisha wageni.

Maji bora ni ya mvua. Elekeza bomba la bati huko, basi. Ya bomba la mtaa yakae siku mbili kwenye ndoo zilizo wazi ili klorini ipungue. Panda mafunjo machache, matete upande mmoja, na yungiyungi katikati. Usichukue gugumaji hata likikupendeza kwa ua lake la zambarau. Hutanda juu ya maji yote, na likifika ziwani au mtoni huwezi kulirudisha. Rundika mawe na magogo mawili makuukuu ukingoni, mahali pa kujificha mchana.

Samaki hapana. Sato hula mayai ya chura, na kambale hula karibu kila kitu. Bata nao hapana.

Hatua ya 4: Mbu

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu mikoa yetu ina malaria nyingi na kidimbwi kisichotunzwa kinaweza kuumiza watu.

Mbu wa malaria hawapendi maji ya aina moja. Anopheles gambiae hutaga kwenye vidimbwi vidogo vya muda, vyenye jua na visivyo na majani: nyayo za ng'ombe, alama za matairi, mashimo ya kufyatulia matofali. Anopheles funestus hupenda maji ya kudumu yenye nyasi na kivuli. Kwa hiyo anayekwambia kwamba mimea pekee inafukuza mbu hajasema yote. Mimea hukupunguzia gambiae huku ikiweza kumkaribisha funestus. Kinachosaidia ni wawindaji: watoto wa kereng'ende, mende wa majini na wadudu wengine walao viluwiluwi. Hawa huja wenyewe wakikuta maji safi yenye mimea, lakini huchukua muda kuzoea. Wiki za mwanzo ndizo za hatari.

Kila wiki, siku ileile, chukua upawa na bakuli jeupe. Chota mahali pengi ukingoni, hasa penye nyasi, mimina kwenye bakuli, tulia kidogo, uangalie. Kiluwiluwi cha Anopheles hulala sambamba na uso wa maji. Cha Culex, yule mbu wa makelele ya usiku, huning'inia kichwa kikiwa chini. Kiluwiluwi cha chura ni kinene, kina kichwa cha mviringo na mkia bapa, na ukikisogelea hukimbilia chini. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni wiki moja hadi mbili, kwa hiyo ukikagua kila wiki bila kukosa unawahi.

Ukivikuta vya mbu, punguza nyasi za ukingoni, kisha pitisha kipande cha chandarua kikuukuu juu ya maji. Vikizidi, kuna viuadudu vya kibaiolojia vyenye bakteria wanaoua viluwiluwi vya mbu. Tanzania ina kiwanda chake Kibaha. Fuata kipimo kilichoandikwa, na umuulize bwana afya wa kata yako. Vikiendelea bado, mwaga maji yote kwenye bustani ya mchicha na uache sakafu ikauke siku tatu. Viluwiluwi vya chura vihifadhi kwenye ndoo yenye maji ya kidimbwi hichohicho, yaliyochujwa. Mimi hukikausha kabisa kila Julai au Agosti. Vyura wetu wengi wamezoea maji yanayokauka, hawapati hasara.

Na chandarua chenye dawa kitandani kinabaki palepale.

Hatua ya 5: Jifunze kwa sikio kwanza

Hii ndiyo raha yenyewe. Keti mita tano kutoka majini kuanzia saa moja usiku, zima tochi, subiri robo saa. Sauti zitaanza kujitenga.

Wa kwanza kumtambua ni chura mkubwa mwenye vinundu mgongoni, Sclerophrys gutturalis. Dume hukoroma kwa nguvu, kwa vipindi, na mwenzake hujibu upande wa pili. Ndiye huyohuyo anayekaa chini ya taa ya barazani usiku wa kumbikumbi na kula hadi tumbo linaburura. Jike hutaga mayai kwa nyuzi ndefu zilizojisokota kwenye mimea. Nyuma ya macho ana tezi za sumu. Kwako si hatari ukinawa mikono, lakini mbwa akimng'ata atatokwa povu, basi mwoshe mdomo kwa maji mengi.

Sauti fupi, nyororo, inayopanda mwishoni, mfano wa tone likidondoka ndani ya mtungi, ni Kassina senegalensis. Utamsikia sana na kumwona kwa shida, kwa sababu huita akiwa amejificha nyasini. Ukimpata, mtazame anavyokwenda: hutembea, haruki. Mgongoni ana mistari myeusi iliyonyooka.

Vyura wa matete, Hyperolius, ni wadogo, wengi hawazidi urefu wa sentimita 3 au 4, lakini kundi lao hugonga "tik-tik-tik" hadi masikio yachoke. Rangi zao hutofautiana mno hata ndani ya aina moja, hivyo usitegemee rangi kuwatenga. Wenye pua iliyochongoka na miguu mirefu, warukao mbali ukiwakaribia, ni Ptychadena. Mayai yao huelea juu ya maji. Ukiona povu jeupe limening'inia kwenye tawi juu ya maji, usilivunje: ni kiota cha Chiromantis, na viluwiluwi vitadondoka majini vikiwa tayari kuogelea.

Rekodi sauti kwa simu, andika tarehe, saa, na kama mvua ilinyesha. Programu ya iNaturalist hupokea sauti pamoja na picha, na wajuzi hukusaidia kutambua. Kwa kobe na vinyonga, ficha mahali halisi ulipowakuta. Kuna watu huwasaka ili wawauze, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kukamata bila kibali.

Hatua ya 6: Nyoka watakuja, jiandae

Penye vyura wengi, nyoka walao vyura hupita. Wengi hawana madhara kwa mtu, lakini usijipe kazi ya kuwatenga kwa macho. Nyoka wa kijani asiye na sumu kali na yule mwenye sumu ya kuua hufanana kiasi cha kumchanganya mtu mzoefu. Kanuni ni moja: simama, rudi nyuma, mwachie njia. Tabora wapo Wayeye, chama cha jadi cha wachezesha nyoka miongoni mwa Wanyamwezi na Wasukuma, wenye mafunzo yao ya miaka mingi. Wewe na mimi hatuna mafunzo hayo.

Kata nyasi kati ya kidimbwi na nyumba, ondoa marundo ya kuni ukutani, vaa gambuti usiku, na tochi imulike unapokanyaga. Mtu akiumwa, usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kubana. Mtulize, mvue pete na bangili, kiungo kisitikisike, akimbizwe hospitali. Swila akitema machoni, osha kwa maji mengi mara moja, kisha nenda ukatibiwe.

Hatua ya 7: Peleka sikio na tochi safarini

Ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, nenda asubuhi jua linapopasha mawe. Kenge hutoka kuota jua, na ukimnyemelea hujitupa majini. Kwenye marundo ya mawe huishi fira wa majini, Naja annulata stormsi, anayewinda samaki. Ana sumu kali ila si mgomvi. Yupo pia Lycodonomorphus bicolor, nyoka asiye na sumu anayepatikana katika ziwa hili tu, na hutoka zaidi usiku. Waulize wavuvi, wanawajua wote. Ukienda Gombe kwa boti kutoka Kibirizi, mwombe mwongozaji mpite polepole kando ya vijito. Watu hukimbilia sokwe na kuvipita vijito hivyo bila kuinama.

Malagarasi ni habari nyingine. Bonde la Malagarasi-Muyovozi liliingia kwenye orodha ya Ramsar, yaani mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000, la kwanza Tanzania, na vyura wake ni wengi ajabu. Mamba na viboko nao wapo. Usiku usikaribie ukingo wa mto. Mulika ukiwa mbali: macho ya mamba hung'aa mekundu. Usiingie majini miguu mitupu, kwani kichocho nacho kipo.

Tabora, kwenye miombo, mtafute kinyonga usiku. Mchana rangi yake humficha. Usiku hulala kwenye ncha ya kijitawi akiwa amepauka, na mwanga wa tochi humwonyesha mara moja, hata kwenye michongoma ya mjini. Anayeonekana zaidi ni Chamaeleo dilepis mwenye vipande vya ngozi shingoni. Hana sumu, hajamwua mtu yeyote, na wengi bado humpiga mawe kwa hofu. Mwonyeshe mtoto mmoja jinsi jicho moja linavyotazama mbele na jingine nyuma, uone kama atashika jiwe tena. Bwawa la Igombe ni pazuri kwa sauti za jioni baada ya mvua.

Hatua ya 8: Safisha viatu kati ya maji na maji

Upo ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi ya vyura, na husafiri kwa maji, tope na vyura wanaohamishwa. Chura wa Mto Kihansi, hapahapa Tanzania, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1999, aliishi kwenye rasharasha za maporomoko katika eneo la hekta chache tu duniani kote. Maji ya mto yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, rasharasha zikapungua, na kuvu hiyo nayo ikaonekana kwao. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini, akabaki kwenye bustani za wanyama Marekani hadi aliporudishwa Tanzania.

Kwa hiyo ukitoka Malagarasi, sugua gambuti kwa brashi hadi tope liishe, kisha zianike juani zikauke kabisa, ndani na nje, kabla ya kukanyaga kidimbwi chako. Wavu, ndoo na upawa, vivyo hivyo. Na maji ya chupa uliyochota mtoni ili ukatazame viluwiluwi nyumbani, yamwage hukohuko mtoni.