Bendi kongwe itoe albamu kila baada ya muda gani? Pigeni hesabu hivi

Wadau wa bendi hapa Dodoma, msijipangie albamu kwa kuwaangalia madogo wa bongo fleva. Wao wanatafuta jina, nyie jina mnalo, hata mkitoa nyimbo kumi kila mwaka watu ukumbini bado wataomba zile za zamani.

Cheki wakongwe wa roki. AC/DC walitoa 2008, 2014 na 2020, yani miaka sita sita. Metallica 2008, 2016, 2023. Rolling Stones ndo kiboko, albamu ya nyimbo zao wenyewe 2005 afu nyingine 2023, katikati hapo 2016 wakarekodi bluzi za watu, na shoo zikaendelea kujaa. Kwangu mimi miaka minne mpaka sita inatosha, hiyo 18 ya Stones waachieni wenye hela zao.

Sasa kazi yenyewe. Kila wimbo mpya upigeni ukumbini kwanza, na siyo saa mbili watu hawajafika, uchomekeni katikati ya vibao viwili vya zamani usiku umekolea afu mtazame watu wanafanya nini. Wakirudi kukaa mara moja siyo kesi, wakirudi kukaa kila wikiendi rudini mazoezini mbadili kiitikio au mtupe kabisa. Zikifika nane zinazochezeka ndo muulizie bei ya studio, maana bendi nzima ikianza kubishania nani anaingia wapi huku masaa yanahesabiwa, hela inaisha na wimbo haujaisha.

Ila sauti za wazee zisisubiri albamu. Charlie Watts, mpiga drams wa Stones, alifariki 2021 na bado anasikika kwenye nyimbo mbili za ile ya 2023, kwa sababu alishazirekodi. Mzee wenu wa solo kama vidole bado vina moto mpelekeni studio mwezi huu huu, na mafaili yakae sehemu mbili, siyo kwenye simu ya meneja tu.

Katikati ya albamu toeni singo moja moja, enzi za RTD, Radio Tanzania ya zamani, si ndo bendi zetu zilivyoishi, nyimbo chache zinarekodiwa zinarushwa redioni basi.

Tarehe ya kutoa: Bunge la bajeti, Aprili mpaka Juni, mji umejaa wageni, au Nanenane pale Nzuguni. Januari achaneni nayo, watu wana ada. Na kabla hamjatoa sajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mgao wa mtunzi uandikwe na usainiwe, kuna siku atahamia bendi nyingine huyo.