Namna ya kufuatilia jinsi bangi ilivyopigwa marufuku Marekani

Ukitaka kuandika au kufundisha habari hii bila kupotosha watu, tenganisha maswali mawili: sheria ipi ilipita lini, na nani aliisukuma kwa hoja gani. Wengi huyachanganya, ndiyo maana mitandaoni kumejaa simulizi za mtu mmoja mwovu aliyeamka siku moja mwaka 1937 akaharamisha mmea mzima. Nyaraka zinaonyesha jambo refu zaidi, na la kusikitisha zaidi.

Anza na tarehe

Gawa karatasi safu tatu. Ya kwanza ni ya majimbo: Massachusetts 1911, California 1913, Utah 1915, pamoja na mji wa El Paso, Texas, uliopitisha amri yake 1914. Ya pili ni ya serikali kuu: 1906, dawa zenye bangi zilipolazimishwa kutajwa hivyo kwenye lebo, kisha 1937. Ya tatu ni ya nje: Mexico ilipiga marufuku nchi nzima 1920, Afrika Kusini iliomba Shirikisho la Mataifa mwaka 1923 bangi iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa, na mkataba wa Geneva wa 1925 kuhusu dawa za kulevya uliiingiza, baada ya mjumbe wa Misri, Mohamed El Guindy, kuishikilia hoja hiyo kwa nguvu. Ukimaliza safu hizo utaona kwamba mwaka 1937 uko katikati ya safari.

Soma sheria ya 1937 kifungu kwa kifungu

Hapa usiharakishe. Sheria aliyoitia saini Rais Roosevelt tarehe 2 Agosti 1937, ikaanza kutumika 1 Oktoba, ilikuwa sheria ya kodi. Mkulima alijisajili kwa dola 1 kwa mwaka, daktari vilevile, mwagizaji au mtengenezaji dola 24. Kila bangi ilipotoka kwa mtu kwenda kwa mwingine ililipiwa kwa wakia, yaani kama gramu 28: dola 1 ikiwa mpokeaji amesajiliwa, dola 100 ikiwa hajasajiliwa. Mkosaji alitozwa faini hadi dola 2,000, au kufungwa hadi miaka 5, au vyote viwili.

Kwa nini kodi? Kwa jinsi Katiba ilivyofasiriwa wakati ule, kuharamisha kitu moja kwa moja kulionekana ni kazi ya majimbo, lakini kutoza kodi Bunge la taifa liliweza. Tayari palikuwa na sheria ya 1934 iliyotoza dola 200 kila bunduki ya rashasha ilipohamishwa, na Mahakama ya Juu iliipitisha Machi 1937. Mwezi uliofuata muswada wa bangi ulikuwa mezani kwa kamati ya Bunge.

Mtego wake uko kwenye fomu. Aliyetaka kulipa alijaza jina na anwani yake, na maofisa wa majimbo waliruhusiwa kuziona taarifa hizo. Kwa kuwa karibu kila jimbo lilikwisha kuharamisha bangi, mtiifu wa kodi alijikamatisha mwenyewe. Ndiyo hoja iliyoiangusha sheria hiyo mwaka 1969, katika kesi ya Timothy Leary, mwanasaikolojia aliyeshtakiwa kwa bangi.

Fungua kumbukumbu za kamati

Vikao vilikuwa vichache, mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei 1937. Tafuta ushahidi wa watu wawili na uwasome sambamba. Harry Anslinger, mkuu wa Idara ya Mihadarati tangu 1930, alileta visa vya mauaji na barua ya mhariri wa gazeti la Alamosa, Colorado, iliyowasema vibaya watu wa asili ya Mexico. Dk. William Woodward wa chama cha madaktari aliuliza kwa nini kamati inategemea magazeti, wakati idara ya magereza na ofisi ya watoto hazikuitwa kutoa takwimu. Kamati ilimkaripia. Baadaye mbunge mmoja alipouliza madaktari wanasemaje, Fred Vinson, mjumbe wa kamati hiyo, alijibu kwamba wanauunga mkono muswada kikamilifu. Haikuwa kweli. Ukurasa huo mmoja unafundisha zaidi ya makala kumi za kubahatisha.

Pima kila sababu kwa tarehe yake

Ubaguzi una ushahidi wa kutosha, ila taja waliolengwa kila mahali. California, Henry Finger wa bodi ya wafamasia aliandika 1911 akilalamikia wahamiaji kutoka India; kusini magharibi waliolengwa ni Wamexico. Massachusetts ni kisa kingine: bangi iliingia kwenye orodha ya dawa za kudhibitiwa bila kelele kubwa. Ukibandika sababu moja nchi nzima, utakosea.

Ile hadithi kwamba mwenye magazeti William Randolph Hearst na kampuni ya kemikali ya DuPont walikula njama bangi iharamishwe, ili nyuzi zake zisishindane na karatasi na nailoni, iweke pembeni. Magazeti ya Hearst yalichapisha habari za kutisha kuhusu bangi, hilo ni kweli. Lakini mwenye magazeti ni mnunuzi wa karatasi, na karatasi ya bei nafuu ya nyuzi za bangi ingemfaa. Nailoni nayo ilitangazwa kwa umma 1938. Majimbo yalianza kuharamisha zaidi ya miaka 20 kabla.

Baada ya 1937

Sheria ya 1951 iliweka kifungo cha chini kabisa, miaka 2 kwa kosa la kwanza. Ya 1970 iliiweka bangi daraja la kwanza, lenye masharti makali kuliko yote, na tume ya Shafer, iliyoundwa kuchunguza bangi, iliposhauri 1972 kwamba mwenye kiasi kidogo kwa matumizi yake asishtakiwe, Nixon alikataa.

Ukitaka kuunganisha na sheria za Kenya au Tanzania, usirukie kwa Anslinger. Pitia mkataba wa 1925 ulioifunga himaya ya Uingereza, kisha mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 kuhusu dawa za kulevya, ndipo ufungue sheria ya Kenya ya 1994 na ya Tanzania ya 2015. Kwenye mkataba wa 1961 angalia jedwali la nne, la dawa zinazohesabiwa hatari zaidi: bangi iliondolewa humo Desemba 2020, kura 27 kwa 25, lakini ikabaki jedwali la kwanza.